Mpaka Unapita Saloni kwa Osée

Sehemu ya tisa

Nyundo ilishuka.

Wiki jana, msomaji, tulimwacha fundi Mbusa ameiinua juu ya sementi mpya ya saloni, na avenue nzima ya Nyakasanza imeshika pumzi. Wiki nzima nimesimamishwa njiani: "Mwandishi, ile nyundo itashuka lini?" Mama mmoja sokoni alikataa hata kuniuzia nyanya. Basi mama, imeshuka. Niwekee nyanya zangu.

Ilishuka mara tatu juu ya sementi. Mara ya nne ililia: ngii!

Mbusa alipiga magoti, akafukua vumbi kwa vidole, akapuliza. Kisha akamwinulia mwenye nyumba macho ya mtu anayetamani kuwa mahali pengine popote, hata Komanda chini ya lori bovu.

"Muzee Osée," alisema. "Iko borne."

Jiwe la mpaka. Lile ambalo wapima ardhi walizika zamani kuonyesha kiwanja cha mtu kinaishia wapi na cha jirani kinaanzia wapi. Lilikuwa pale na chuma chake na namba yake, hatua mbili kutoka ukutani, mahali hasa ambapo Osée alipanga kuweka televisheni.

Wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza (karibu, ulikuwa wapi?), ujue tu haya. Osée ni mwalimu aliyestaafu, na sasa ni mwenyekiti wa komite ya maendeleo ya avenue. Siku hiyo ya Ijumaa aliwaita watu wabariki nyumba yake mpya: mabati ya rangi, vyumba sita, na upande wa pili milango mitatu ya kupangisha wafanyakazi wa mashirika. Alitoa hotuba ndefu juu ya Bunia inayokua. Mwishoni akauliza, "Kuna swali?" Hakuna aliyemlazimisha. Alipenda tu kusikia sauti yake ikisema vile.

Mwanamke mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa Pétronille, mjane aliyerudi kutoka ukimbizini miezi miwili iliyopita. "Chini ya hii saloni iko borne yangu," alisema. Watu walicheka. Osée alicheka kuliko wote, akamwita Mbusa apasue sementi, akaapa: "Kama iko borne hapa, huu ukuta nitaubomoa miye mwenyewe, na hii mikono yangu!"

Sasa watu wote walikuwa wanaitazama ile mikono.

"Majiwe iko mingi mu udongo wa Bunia," Osée alijaribu.

"Yenye namba?" aliuliza Mbusa.

Katekista alifunga kitabu. Alikuwa amefika na maji ya baraka mpaka mlango wa kolido tu, kwa hiyo nusu ya nyumba ilikuwa imebarikiwa na nusu ilibaki inajitegemea. Watu walianza kujisogeza karibu na sufuria, kwa maana sikukuu ikiharibika, mwenye akili anakula haraka.

Osée alimgeukia fundi wake.

"Weye njo ulichimba musingi! Hukuiona?"

"Niliiona."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia, Muzee. Siku ya pili. Ulikuwa ku simu na watu wa projet. Ukaniambia: 'Mbusa, usinisumbue na majiwe, mwaga béton.'"

Jambo baya ni kwamba Osée alikumbuka. Alikumbuka lile jiwe, alikumbuka namba yake, alikumbuka hata kiatu alichovaa alipolikanyaga ili asiione ile namba vizuri. Na alikumbuka jambo moja ambalo Mbusa hakulijua: ku simu hapakuwa na mtu. Ile simu ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Mwenyekiti mzima wa maendeleo alikuwa amesimama katikati ya shimo anaongea na betri iliyokufa, "Ndiyo, chef, bila shaka, chef," ili fundi asimwambie lile analoliona kwa macho yake.

Aibu ilimpanda kutoka magotini. Na aibu haikuja peke yake. Ilikuja na mama Gertrude.

Mama Gertrude anauza sukari na sabuni kwenye kona. Mwezi uliopita, avenue ilipopanuliwa, Osée alipita na kopo la rangi nyekundu akichora msalaba kwenye kila kitu kilichoingia barabarani. Kibanda cha mama Gertrude kilipata msalaba kwa sababu ya sentimita thelathini. Alilia, Osée akamwambia kwamba mji haujengwi kwa machozi.

"Président," aliita sasa kutoka mlangoni, mdomo umejaa nyama ya Osée. "Ile rangi nyekundu ingali iko? Ao nikuletee yangu?"

Watu waliangua kicheko. Osée naye, amini usiamini, alisikia kicheko kikimtekenya tumboni. Kama msalaba ule ungekuwa kwa jirani, angecheka mpaka Jumapili.

Lakini ahadi ni ahadi, na mashahidi walikuwa themanini. Alimnyang'anya Mbusa nyundo, akaenda ukutani, akapiga.

Nyundo ilimrudia. Ukuta ulibaki unamtazama.

Alipiga tena. Plasta ya ukubwa wa chapati ilianguka, na mkono wake ukafa ganzi mpaka begani. Tatizo la Mbusa ni kwamba anajenga vizuri.

"Acha, Muzee," alisema Pétronille. "Utavunjika weye kabla ya ukuta."

Alikuwa amesimama kando ya borne, mikono imefungwa juu ya kitenge chake, hana haraka. Osée alishusha nyundo kwa shukrani kubwa, ila alijitahidi isionekane.

"Sikukuya juu ya ukuta," aliendelea mama yule. "Ya ukuta tutaongea, usifikiri nimeisahau. Lakini nilikuwa natafuta borne yenyewe. Njo alama yangu."

"Alama ya nini?"

Pétronille alitazama watu themanini na sahani zao.

Hapo Immaculée, mke wa Osée, akatoka jikoni. Ni mwanamke asiyeongea sana. Kwa kweli, katika nyumba ya Osée hakujawahi kubaki nafasi. Alipiga makofi mawili.

"Wenye wamekula, aksanti. Wenye hawayakula, mubebe. Mungu awabariki, portail iko wazi."

Baada ya dakika tano watu walikuwa wametoka langoni, na saloni ilikuwa tupu. Walibaki wanne: Osée, Immaculée, Pétronille, na Mbusa, ambaye hakujua kama fundi anahesabiwa kuwa mgeni.

"Sema, mama," alisema Osée.

"Mwaka wa elfu mbili na tatu, asubui yenye tulikimbia vita," alianza Pétronille, "miye na bwana yangu Henri tulizika mashini yangu ya kushona. Hatukuweza kuibeba. Tuliipaka grasi yote, tukaifunga na nailoni, tukahesabu hatua sita toka ku borne, upande wa muti wa avoka. Hiki kiwanja baba yangu njo aliniachia, borne hii niliicheza juu yake nikiwa mutoto. Bon. Mama ya Henri alikuwa mugonjwa, hakuweza kuvuka ziwa. Henri akapita naye njia ya Komanda. Miye nikashuka na watoto ku ziwa, tukavuka Uganda. Kule watu wakaniletea habari: Henri ameuawa mu njia."

Alisema maneno hayo bila kutikisika, kama mtu aliyeyasema mara nyingi mpaka yakaisha makali.

"Nilivaa nyeusi. Nimeshonea watu na mashini ya watu miaka tisa. Sasa watoto wako wakubwa, wako Mahagi kwa mama yangu, na miye nimerudi. Naona Bunia inajenga. Kila nyumba mupya inataka rideaux za madirisha, kila masomo inataka uniformes za watoto. Nataka mashini yangu, nifungue atelier ya kushona. Ni yote."

Moyo wa Osée uliruka kwa furaha mpaka akaona haya. Mashini! Haombi ukuta leo, haombi saloni, anaomba mashini iliyozikwa! Mara moja uenyekiti ulimrudia mwilini kama joto.

"Mama Pétronille," alisema, akirekebisha koti, "komite itasimamia jambo hili. Hatua sita, ulisema?"

Alijiweka mwenyewe juu ya borne na kuanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, akatoka saloni. Tatu, nne, kolido. Tano. Sita: varanda ya nyuma, kando ya jiko.

"Miguu yako iko mirefu," alisema Pétronille. "Ni nyuma kidogo ya pale."

"Nyuma kidogo ya pale!" Osée alirudia, kana kwamba ameligundua yeye. "Mbusa, vunja sementi. Chimba!"

Mbusa aliinua nyundo. (Ndiyo, tena. Usinitukane.)

"Mbusa, acha," alisema Immaculée.

"Usimuzuie," alisema Osée. "Varanda tutatengeneza tena."

"Acha, ninasema. Hakuna kitu pale."

Osée alimgeukia bibi yake na kuona jambo ambalo hakuliona katika miaka ishirini na mbili ya ndoa: Immaculée alikuwa ameushika mpini wa nyundo.

"Kuyeni," alisema.

Aliwatangulia mpaka chumba kidogo cha mwisho, kilichobaki cha nyumba ya zamani, chenye dirisha linaloangalia barabara. Osée hakuwa anaingia humo sana. Ni humo bibi yake alikuwa anashonea: uniformes za shule tatu, kanzu za kwaya, nguo za maharusi. Osée, katika hotuba ya siku ile, alikuwa ameeleza kwamba nyumba ilisimama kwa sababu ya mpango mzuri. Hakueleza kwamba mpango huo ulikuwa na pedali na sindano. Matofali yalitoka humo. Mabati yalitoka humo. Hata koti alilovaa akihutubia lilitoka humo, na bado wiki nzima alikuwa ameandika hotuba yenye "jasho langu" bila kalamu kumkatalia.

Mashini ilikuwa chini ya kitambaa cha maua. Pétronille alikifunua mwenyewe.

Alipitisha kidole juu ya gurudumu, kisha pembeni ya meza, mahali penye alama nyeusi ya kuungua.

"Pasi," alisema. "Nilichoma hapa na pasi, mwaka wenye tulioana. Henri alinicheka siku tatu."

Akageuka.

"Mama Immaculée. Uliniibia."

Naomba niwe mkweli juu ya Osée, maana yeye mwenyewe baadaye alilisema bila kulazimishwa. Wazo la kwanza lililompitia lilikuwa: si miye! Kwa mara ya kwanza tangu saa nane, kosa halikuwa lake, na alijisikia vizuri kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha akamwona bibi yake ameshika fremu ya mlango ili asianguke, na akajiona mdogo kama kifungo cha shati.

"Sikuiba," alisema Immaculée. "Niliachiwa."

"Na nani? Wenye walijua pale ni watu wawili. Miye na Henri."

"Henri njo aliniachia."

"Henri alikufa."

"Mama," alisema Immaculée, "Henri alikula sombe ku meza yangu mwezi uliopita."

Nje pikipiki ilipita, ikatoa mlio kama wa risasi, na wote wanne waliinamisha vichwa kidogo bila kujua, kama ambavyo sisi watu wa Bunia bado tunafanya. Hakuna aliyecheka.

Pétronille alitafuta kitu cha kukalia. Mbusa alimsogezea kigoda cha mashini.

"Sema yote," alisema.

Immaculée akasema yote. Henri alipona njia ya Komanda. Aliyekufa alikuwa mama yake. Alirudi Nyakasanza mwaka wa elfu mbili na sita, akakuta nyumba yao imechomwa, majani yamefika kifuani. Watu walimwambia mtumbwi wa mkewe ulizama ziwani, pamoja na watoto. Hakulala hata usiku mmoja pale. Alihesabu hatua sita, akachimba, akaibeba mashini mpaka kwa Immaculée, jirani aliyemwamini.

"Akaniambia: 'Shona nayo, isipate kutu. Lakini iko ya Pétronille. Kama wamenidanganya, kama anarudi siku moja, mupatie, umuambie niko Bambu. Na kiwanja yake, mutu asiguse.'"

"Kiwanja pia?" aliuliza Osée, sauti imekuwa nyembamba.

"Pia. Nilikuambia, Osée."

"Lini?"

"Kabla ya musingi. Ulikuwa ku simu."

Mbusa alitazama dari kwa bidii sana.

Lakini Osée hakuwa tena na nafasi ya kuona haya, kwa sababu jambo jingine lilikuwa linafunguka kichwani mwake, na lilikuwa baya zaidi. Henri. Henri wa Bambu. "Fundi Henri?" alisema. "Ule mwenye anakuyaka kila kiangazi kupaka mashini mafuta?"

"Ni yeye."

Kabla ya vita Osée alikuwa anafundisha mbali na Nyakasanza, hakuwajua majirani, na miaka yote alidhani yule ni fundi wa mashini! Alimpa chai, akampa kiti. Kiangazi cha mwaka jana Henri alisimama uani, akatazama matofali, akasema kwa upole, "Muzee, huu ukuta wako umetembea sana." Na Osée, Mungu amsamehe, alimweleza dakika arobaini maana ya neno urbanisation, yaani mji kukua kwa mpango. Alimweleza mume wa mwenye kiwanja. Juu ya kiwanja chenyewe. Na yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru chai, akaenda, kwa maana kiwanja bila Pétronille hakikumhusu tena.

"Nimerudi miezi mbili," Pétronille alimwambia Immaculée. "Juma ya kwanza nilipita ku portail yako. Tulisalimiana. Uliniuliza habari ya watoto."

"Ndiyo."

"Na hukusema."

Immaculée alikuwa analia sasa, waziwazi, kama mtoto. "Nilikuogopa. Nilijua ukiingia, mashini inatoka. Na milango ya locataires ilikuwa haiyaisha. Nilisema: nimalize paa tu, nitamuambia. Halafu nikasema: nimalize plafond, ile dari. Halafu..." Alijifuta uso. "Na mwezi uliopita Henri akakuya. Akaniuliza kama kila mwaka: 'Habari haiko?' Na weye ulikuwa umefika hapa Nyakasanza, unalala nyumba ya nne toka hapa. Nikamujibu: haiko."

"Akasema nini?"

"Akasema: 'Bon. Basi nimengoya ya kutosha.'"

Osée, na Osée peke yake katika chumba kile, alijua Henri alifanya nini baada ya maneno hayo. Alitoka humo, akavuka kolido, akamkuta mwenyekiti saloni, akamwomba kwa heshima jambo moja. Na mwenyekiti, ambaye hajawahi kukataa nafasi ya kusimama mbele ya watu, alikubali kabla sentensi haijaisha.

"Kesho," alisema Osée.

"Kesho nini?" aliuliza Pétronille.

Alitafuta maneno mazuri. Mtu wa hotuba, mtu wa kurasa nne, alitafuta neno moja zuri na hakulipata.

"Kesho Henri anaoa. Ku Bambu, misa ya saa tatu. Na musimamizi wa ndoa, parrain... ni miye."

Mbusa aliweka nyundo chini polepole, kama mtu anayeweka kitu kanisani.

Pétronille hakulia. Hakuuliza bibi arusi ni nani. Aliuliza tu, "Barrière ya njia ya Bambu inafungwa saa ngapi?"

"Kumi na mbili askari wanafunga njia," alijibu Mbusa, akifurahi kuwa na jibu lisilomuumiza mtu.

Osée alitazama saa yake. Kumi na moja na dakika tano. Muda upo, aliwaza. Kuna pikipiki za kukodi kwenye kona. Yeye mwenyewe atampeleka, atapiga magoti mbele ya Henri, atasema...

Na hapo ndipo alipokumbuka kwa nini alikuwa ameomba baraka za nyumba ziishe kabla ya saa kumi na moja. Kwa sababu ya ile barrière. Kwa sababu parrain lazima alale Bambu. Kwa sababu walikuwa wamepatana kwamba mtu atamfuata.

Pikipiki iliingia kwenye avenue, ikapunguza mwendo, ikazima mbele ya portail. Portail ambayo Immaculée, baada ya mgeni wa mwisho, alikuwa ameifunga kwa komeo.

"Parrain!" sauti ya mwanaume iliita kutoka nje, ya furaha na ya haraka. "Parrain Osée! Uko tayari? Barrière itatufungia!"

Osée alimtazama bibi yake. Bibi yake alitazama sakafu. Mbusa alimtazama Pétronille, na alichokiona kilimfanya avue kofia.

Uso wa mama yule ulikuwa umebadilika. Hakuhitaji kuona mtu. Miaka tisa haikuwa imeigusa ile sauti ya Henri. Mkono wake mmoja ulibaki juu ya gurudumu la mashini, ukilishika kama mtu anavyoshika ukingo wa mtumbwi.

"Parrain! Hakuna mutu?"

"Mufungulie," alisema Pétronille.